Mtangulizi Avua Laini

Tausi Mwinyikondo alikuwa mtu wa kuhama, na hakuona haya kulisema hilo. Wengine walilia walipofunga mizigo, yeye aliimba. Alipenda zile siku ambazo bado hujui mkate unauzwa wapi wala mbwa yupi anauma, na kila sura unayopishana nayo ni sura usiyopata kuiona. Alipenda watu wanavyogeuka kumtazama, wakamkaribisha. Kazi yake ilikuwa imemfikisha miji mingi ya bara, na hakuna hata mmoja uliomnunia. Wenzake ofisini walisema ana nyota. Mwenyewe aliamini hivyo, masikini.

Kazi yenyewe ilikuwa utangulizi. Bahari ilikuwa imepanda mpaka visima vyote nyuma ya Kisarawe vilitoa chumvi, na joto la mchana liliua watu wakiwa wamesimama. Kabla Idara ya Uhamisho haijapakia familia kwenye malori na kuzipandisha nyanda za juu, ilimtuma mtu mmoja aende akakae na wenyeji msimu mzima, awaone walivyo. Msimu ukiisha, mtangulizi alisema neno moja kati ya mawili: Pamekaa, au Hapakaliki. Malori yalilingoja neno hilo. La pili Tausi hakuwahi kulitamka.

Safari hii mji ulikuwa Lugembe, na waliokuwa wakingoja ni watu wa kwao hasa, akiwemo mdogo wake Sihaba, mjamzito, mwenye visima vya chumvi mlangoni. Ndiyo maana asubuhi ya siku ya neno Tausi alikwenda kusukwa. Alitaka apendeze kwenye kioo cha simu atakapowaambia ndugu zake waje.

Msusi aliitwa Kabula, Mnyamwezi, mwanamke wa makamo mwenye vidole vigumu na mdomo usiojua mapumziko. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Alikuwa ameshamaliza upande mmoja wa kichwa, mistari imelala vizuri, alipochukua kopo la maji kuulainisha upande wa pili.

"Toa hicho kidude nyuma ya sikio, Bi Tausi. Maji yatakiua."

Tausi akasita. Mhamaji hakutakiwa kuvua laini mbele ya wenyeji, na yeye hakuwahi kuivua isipokuwa akiwa peke yake anakwenda kulala. Lakini maji ni maji, na laini ikifa siku ya neno ingekuwa aibu. Akaibandua, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha.

Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Kila mtoto wa wahamaji alivalishwa tangu anatambaa. Ilidaka maneno kabla hayajakufikia, ikayapekua, ikang'oa miba yote, kisha ikakusomea yaliyobaki kwa sauti ile ile ya msemaji, upesi kiasi kwamba usingeona midomo ikipishana na maneno. Mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya matusi tu, baada ya zile ghasia za uhamaji wa kwanza ambapo watu walichinjana kwa sababu ya neno moja kisimani. Baadaye wakaiongezea maneno ya kutia hofu, ili watu wasije wakaruka kutoka kwenye malori njiani. Wahamaji wakatulia. Waliovaa laini walikuwa watu wenye furaha, na hilo halikuwa uongo: walikwenda popote na kila mtu aliwapenda.

"Haya sasa, Mzaramo wewe," akasema Kabula, akizamisha kidole kwenye mafuta. "Hiki kichwa au pipa? Mafuta yangu yote yameisha hapa. Ndiyo maana bahari imewafukuza, imechoka kuwaona mmelala chini ya minazi mnangoja dafu lianguke lenyewe. Kazi mnayoijua ngoma tu. Ngoja ufe hapa Lugembe. Nitakuzika mimi mwenyewe, kwa mkeka mbovu, na hilo gauni lako nitalivaa palepale makaburini nikikata viuno."

Tausi alikuwa mtu mzima, na katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwambia kitu kama hicho. Tuseme kweli: huenda waliwahi, lakini hakikumfikia. Alisikia damu ikimpanda hadi masikioni.  Mwanamke huyu alikuwa amemshika kichwa kwa mikono miwili, anamtamkia kifo chake, na anatabasamu.

Alinyanyuka, kopo la maji likaanguka, akatoka mbio.

"We! Rudi!" Kabula alipiga kelele nyuma yake. "Hata anayekwenda kilioni humalizwa kichwa kizima!"

* * *

Alipofika katikati ya soko ndipo alipokumbuka kwamba laini imebaki dirishani. Kurudi hakuweza. Akapunguza mwendo, akajiambia kwamba hapa kuna watu wanaomjua, watu wema, yule mwanamke ana kichaa chake peke yake.

Muuza ndizi alimwona kwa mbali akanyoosha mkono, uso umechanua kama kila siku. Kila siku Tausi alimsikia akisema, karibu mama, nimekuwekea nzuri.

"Njoo, Kiziwi," alisema muuza ndizi. "Njoo mla vyetu. Nimekuwekea zilizooza, mbuzi wangu amezikataa."

Wenzake wakacheka. Tausi alikizoea kicheko hicho. Msimu mzima alikuwa akikisikia, na msimu mzima alicheka nao.

Akaendelea kutembea kwa sababu miguu haikujua jambo jingine. Kiziwi huyo anapita. Mbona leo kichwa nusu, au kunguru wamemng'ang'ania? Mwambie avae ndoo. Walisema yote hayo wakimpungia mikono, wakimwinamia kwa adabu, wengine wakishika kifua kama wafanyavyo wakimpokea mtu wa heshima. Walikuwa wamelifanya hilo mchezo. Walijua vizuri sana laini inafanya nini. Nyuso hazikusafishwa na kifaa chochote, kwa hiyo walijifunza kuzisafisha wenyewe, na aliyetukana kwa tabasamu tamu zaidi ndiye aliyeshinda.

Kwenye baraza ya ofisi ya mji alikaa Mwenyekiti Luhende na wazee wenzake, wanakunywa chai. Luhende alikuwa mtu wa maneno machache ya kiungwana, na Tausi alimpenda kuliko wote. Ndiye aliyetoa ardhi ya kujenga nyumba za wahamaji, kule bondeni. Tausi alikumbuka alivyosema siku hiyo: bonde lile lina maji ya kutosha, watu wa pwani watajisikia nyumbani. Alikuwa ameguswa mpaka akampigia Sihaba kumsimulia.

Mwenyekiti alisimama kumwamkia, kofia mkononi.

"Kiziwi wetu," alisema kwa upole mkubwa. "Leo ndiyo unawaita ng'ombe zako? Waite, waite. Masika bonde lile hujaa mpaka kwenye mapaa. Watajifunza kuogelea, si ndiyo kazi ya watu wa bahari? Wakibaki wachache tutawavumilia."

Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja alijificha nyuma ya kikombe asipaliwe na kicheko.

Na Tausi alijisikia akitabasamu. Uso wake ulikuwa umezoea. Aliinamisha kichwa chake nusu, akasema, "Ahsante sana Mwenyekiti," akaondoka zake.

* * *

Tausi alikuwa amekaa kitandani kwake Kabula alipoingia bila hodi, chanuo limechomekwa kwenye nywele, laini ndani ya kiganja.

"Umeniacha na aibu sokoni," alisema. "Kazi ya mkono wangu inatembea nusu. Kaa nimalizie."

"Usiniguse!" Tausi alirudi nyuma mpaka ukutani. "Nimekukosea nini mimi? Nimekuja kwako kusukwa, unaniambia utacheza ngoma kaburini kwangu!"

Kabula alimtazama. Uso wake ulibadilika polepole, ukawa wa mtu aliyekanyaga kitu gizani na bado hajajua ni kitu gani.

"Kwani wewe si Mzaramo?"

"Mzaramo, ndiyo. Na hilo ni kosa?"

"Na mimi Mnyamwezi," Kabula alisema. "Watani. Bibi zako na bibi zangu wametukanana tangu enzi za misafara. Akifa mtu wako, mimi ndiye wa kuja kuvaa nguo zake na kuwachekesha wafiwa, maana ndugu wenyewe hawawezi. Hukufundishwa? Ulitakiwa uniambie mimi mpagazi, kichwa changu kimebonyea kwa kubebeshwa mizigo ya watu. Nilikuwa nangoja unirudishie. Msimu mzima nakutania, unaniambia ahsante dada, ahsante dada. Nikasema huyu ana kiburi cha pwani."

 Tausi alikuwa amewahi kulisikia hilo neno, utani, kama unavyosikia jina la mtu aliyekufa kabla hujazaliwa. Nyanya yake huenda alikuwa nao. Kisha wakaja kuvalishwa laini, na laini haikujua tofauti ya mtani na adui. Ilifyeka wote.

"Basi wote wale sokoni," aliuliza, na kwa nukta moja matumaini yalimshika, "nao ni watani?"

Kabula aliangalia chini. "Wale hawana utani na wewe. Wale wanakuchukia."

"Na wewe ulikuwa unacheka nao."

"Nilicheka," Kabula alisema. "Naishi nao. Ulitaka nifanyeje?"

 Tausi alikuwa akiiona miji yote aliyoitangulia, mmoja baada ya mwingine, na watu aliowapeleka huko. Kuna wengine waliacha kupiga simu. Alikuwa akijiambia kwamba wamenogewa na maisha mapya.

Na mbaya zaidi, sauti moja ndani yake ilikuwa inambembeleza. Chukua laini uvae, ilisema. Ulikuwa na furaha. Sihaba atakuwa na furaha. Asiyesikia chuki inamwumiza nini? Kama si lile bonde, Tausi angeshindwa kuijibu, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko muuza ndizi na wazee wote pamoja.

* * *

Bwana Ndimbo, afisa wa Idara, alijitokeza kwenye kioo amenyoa vizuri, punje yake inang'aa nyuma ya sikio. Nyuma yake malori yalikuwa yamepangwa, vitanda na masufuria yamefungwa kwa kamba juu.

"Bi Tausi! Wote tunakusikiliza wewe tu."

"Bwana Ndimbo, wasije bado. Mwenyekiti amesema mwenyewe bonde linafurika mpaka kwenye mapaa. Wanataka watu wetu wafe maji."

Ndimbo alitabasamu, akageuka kuwaambia wenzake. "Anasema maji ni tele."

"Sikusema hivyo! Wanatuchukia. Wanatuita ng'ombe, wanatulisha vilivyooza."

"Na chakula wameandaa," Ndimbo alisema, macho yamemlowa kidogo. "Watu wema hawa. Basi tupe neno, Bi Tausi."

Tausi alielewa. Hakuna jambo baya lililoweza kupita. Angeweza kupiga mayowe mpaka sauti ikauke, huko yangefika mayowe ya furaha. Ni maneno mawili tu ambayo laini ilikatazwa kuyagusa. Pamekaa ingewatia watu wake bondeni. Hapakaliki ingewarudisha kwenye chumvi bila hata mmoja wao kujua ni kwa nini, na yeye angekuwa amewaamulia maisha yao kama mchunga ng'ombe, jina lile lile alilowaita Mwenyekiti.

"Nipe kwanza mdogo wangu nimsalimie," alisema.

Sihaba alikuja mbele ya kioo akihema, mkono juu ya tumbo. Aliangalia mara moja tu, tabasamu likamwisha. Kwao mwanamke hatoki nje na kichwa nusu labda awe amepigiwa yowe la msiba katikati ya kusukwa.

"Dada, nani amekufa?"

 Tausi aligeuza shingo, akauweka upande wa kichwa uliosukwa karibu kabisa na kioo, akaivuta mbele ndewe ya sikio lake, ili mdogo wake aone mfupa mtupu. Kisha akamnyooshea kidole: na wewe.

Sihaba alitazama huku na huku. Akapeleka mkono nyuma ya sikio kama anayejikuna.

Sauti ya kwanza aliyoisikia haikuwa ya dada yake. Dereva mmoja alipita nyuma yake, akasema jambo huku anacheka, na Tausi akamwona mdogo wake akigutuka na kugeuka kumtazama yule mtu mgongoni, kwa muda mrefu.

"Umesikia," alisema Tausi.

"Nimesikia."

Ndipo akamwambia yote, makavu, bila kupunguza. Bonde, ndizi, Kiziwi, kuogelea. Sihaba alisikiliza akiuma mdomo.

"Watu wameshapakia vitanda, dada. Mama Kondo ameuza mlango wa nyumba yake. Ukiwazuia watakulaani."

"Najua."

"Na huku maji ya kunywa tunapimiana kwa kikombe." Akasogea karibu na kioo. "Huko hakuna hata mtu mmoja?"

Tausi aligeuka. Kabula alikuwa amesimama mlangoni, chanuo mkononi sasa, anajitia haangalii.

"Yupo mmoja. Ameapa nikifa atanizika kwa mkeka mbovu na kunivulia gauni."

Sihaba alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshtukizwa, machozi yakamtoka hapo hapo. "Huyo nataka nimwone kwa macho yangu," alisema. "Basi nisikilize. Usitupakie kwenye malori yao watumwage bondeni. Mimi nitapita nyumba kwa nyumba nimvue kila mtu laini, mmoja mmoja, nimwambie haya. Atakayetaka kuja baada ya hapo, atakuja nami kwa njia zetu wenyewe. Atakayekataa, amekataa anajua. Sema neno lako."

Tausi alimwita afisa. Akalisema.

Ndimbo alibaki ameganda. Hapakaliki ilikuwa imempiga nzima nzima, haina hata tone la asali. "Bi Tausi," alinong'ona, "sijakuelewa. Si umesema wanawapenda?"

Nyuma yake, mtu fulani alianza kufungua kamba za lori. Mwanamke akapiga ukunga. Tausi aliusikia ukunga huo kama ulivyo, na alijua ni yeye aliyeusababisha.

* * *

Barazani chai ilikuwa imeongezwa. Watu wa soko walikuwa wamesogea, maana kila mtu alijua leo ni siku ya neno. Mwenyekiti Luhende alisimama tena, kofia mkononi, uso mtamu.

"Enhe, Kiziwi. Wanakuja lini wafu wetu?"

"Nimesema hapakaliki," alisema Tausi.

Baraza ililipuka kwa vigelegele. Muuza ndizi alimkumbatia jirani yake. Mwenyekiti alimshika Tausi mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia ahsante, na huenda hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya kwanza ya kweli.

"Malori hayaji," Tausi aliendelea. "Anakuja mdogo wangu na walio tayari kumfuata. Hawatavaa laini. Na bondeni hawashuki, Mwenyekiti, hata kama kuogelea ndiyo kazi ya watu wa bahari. Watasimama hapa ulipo wewe, wakuombe mahali pakavu. Ukitaka kuwakatalia utawakatalia usoni, nao watakusikia kama nilivyokusikia mimi leo asubuhi."

 Muuza ndizi aliziba mdomo kwa kanga. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka kwa mazoea, akaona yuko peke yake, akaacha.

Mwenyekiti aliuachia mkono wake. Tabasamu lilimwondoka usoni kipande kipande, na kilichobaki chini yake kilikuwa uso wa mzee aliyechoka, wenye hasira, usio na uzuri wowote. Tausi alikuwa hajapata kumwona mtu huyu. Alimwogopa. Na ndani ya hofu hiyo hiyo alisikia furaha, furaha ya ajabu isiyo na heshima, kwa sababu msimu mzima alikuwa Lugembe na ndiyo kwanza anakutana na mtu.

"Siwataki," alisema Luhende. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Unasikia? Siwataki. Tuna kisima kimoja, kiangazi kinashuka mpaka tunateka tope. Ofisi yenu haikuniuliza. Ilinitumia wewe, unachekacheka. Mimi hapa nina wajukuu."

"Hilo nimelisikia," alisema Tausi.

Alivuta kigoda bila kukaribishwa, akaketi mbele yake.

"Basi tuanzie kwenye kisima."